Herufi za kitenge zimejikunja na kudondoka: nimsikilize nani?

*"Shikamoo mama. Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba ya kupanga. Nilitaka kupamba sebule kwa neno KARIBU, herufi kubwa za kitenge juu ya kochi. Nilikata boksi la katoni ya mafuta ya kupikia, nikapaka gundi nyeupe ya mbao, nikabandika kitenge kipya, nikaanika juani zikauke haraka. Kesho yake zote zimejikunja kama kaukau, kitenge kimefanya mapovu, na kwenye tundu la A na la R nyuzi zinachomoka. Nilizibandika hivyohivyo kwa selotepu ya pande mbili. Usiku B na U zikadondoka, na rangi ya ukuta ikatoka nazo. Mwenye nyumba ameshanisema. Shemeji anadai ni joto la Dodoma. Jirani anasema gundi hiyo haifai, ninunue ya viatu. Mwingine anasema niachane na boksi nikachongeshe mbao kwa seremala. Nimsikilize nani? Na hizi nilizonazo zinaokoleka?"*

Marahaba mwanangu, na pole kwa maneno ya mwenye nyumba. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nikwambie mapema: makosa yako si mengi. Boksi halina kosa. Gundi nyeupe haina kosa. Joto la Dodoma nalo linasingiziwa kwa sehemu kubwa. Kilichokunja herufi zako ni maji, na kilichozidondosha ni ukuta wenyewe. Kwa hiyo kati ya shemeji, jirani na huyo wa tatu, hakuna aliyepata, ingawa shemeji nitampa alama kidogo huko mbele.

Najua utashangaa, maji yametoka wapi na wewe hukuloweka kitu. Yalikuwa ndani ya kopo. Gundi nyeupe ya maseremala karibu nusu yake ni maji, na inakauka kwa kuyapoteza hayo maji. Sasa liangalie boksi lako kwenye sehemu uliyokata: ni karatasi tatu, mbili bapa za nje na moja yenye mawimbi katikati. Ulipopaka gundi mbele, karatasi ya mbele ikanywa maji, ikavimba na kutanuka. Ya nyuma ikabaki kavu, haina habari. Wakati wa kukauka mambo yakageuka. Karatasi ya mbele ikarudi nyuma, gundi ikasinyaa, na kitenge kilichokuwa kimelowana nacho kikajivuta, maana pamba ikilowa kwa mara ya kwanza hupungua. Hapo una vitu vitatu vinavuta upande mmoja na hakuna kinachovuta upande wa pili. Nina hakika ukizitazama herufi zako, kitenge kiko upande wa ndani wa bonde. Ni kama majani ya kunde yakianikwa juu ya bati: upande unaotangulia kukauka ndio unaoita mwenzake.

Usiniamini kwa maneno tu. Kata vipande viwili vya boksi, ukubwa wa kiganja. Kimoja kipake gundi upande mmoja, cha pili pande zote mbili, vyote safu nyembamba, uviegemeze kivulini vikauke. Asubuhi cha kwanza kitakuwa kimekunja mgongo, cha pili kitakuwa kimenyooka au karibu na kunyooka, kwa sababu pande zake zilivutana sawasawa. Wanangu wa darasani huwa nawaanzisha na jaribio hilo kabla hawajagusa mkasi.

Alama za shemeji ni hizi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kuhesabu. Hewa ni kavu, na upepo hautulii. Gundi ambayo mtu wa Tanga angeipaka akapokea simu akarudi akaikuta mbichi, hapa kwetu inashika ngozi juu ndani ya dakika chache. Wewe ulipaka herufi nzima, ukaenda kuchukua kitenge, ukakilaza. Sehemu iliyokuwa mbichi ikashika, iliyokwisha kufanya ngozi ikakataa. Hayo ndiyo mapovu. Halafu ukaanika juani, uso ukakauka mbio wakati ndani bado kuna unyevu, mkunjo ukazidi. Lakini hilo linatibika kwa kukaa kivulini na kupaka kidogo kidogo. Hakuna haja ya kuhama mkoa.

Kitenge kipya kina lake. Kinatoka dukani kimepakwa wanga au dawa nyingine ya kukifanya kiwe kigumu na king'ae mbele ya mteja, ndiyo maana kinasema "kwaru kwaru" ukikikunjua. Dondoshea tone moja la maji. Tone likisimama kama shanga, bado kina koti lake, na gundi yako itashika koti, haitashika uzi. Tone likinywewa mara moja, kiko tayari. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike, kipige pasi kingali na unyevu kidogo. Kufua kunamaliza mambo mawili kwa mpigo, kwa sababu kitakuwa kimeshapungua kadiri kinavyotaka kupungua kabla hujakikata.

Sasa nikupe ninavyofanya mwenyewe, na utaona gundi ilivyo na kazi ndogo. Uso wa herufi siupaki gundi kabisa. Narudia, kwa sababu kila anayejifunza ananibishia: mbele hakuna gundi. Kitambaa kinakazwa kama ngozi ya ngoma, kinazungushwa, kinashikwa mgongoni tu. Pasipo gundi mbele, hakuna povu, hakuna doa linalong'aa, na boksi halilowi upande unaoonekana.

Chukua maboksi mawili badala ya moja, na uyapange mawimbi yake yapishane: moja mawimbi yasimame, la pili yalale. Boksi moja linakunjika kirahisi kufuata mawimbi, mawili yaliyopishana hayana pa kukunjikia. Yagandishe kwa gundi nyembamba iliyosambazwa kwa kipande cha kadi, yaweke chini ya ndoo ya maji iliyojaa usiku kucha. Hapo gundi imekaa katikati, pande zote mbili zinaivuta sawa. Yakishakauka ndipo uchore herufi na kukata kwa wembe mkali wa kukatia maboksi, mara tatu nne taratibu kwenye mstari uleule, rula chini. Kukata kwa kulazimisha mara moja ndiko kunakochana kingo na vidole.

Kwa ukubwa, urefu wa sentimita 25 na unene wa mguu wa herufi usiopungua 5 au 6. Mguu mwembamba haukupi nafasi ya kukunja kitambaa nyuma. Fanya kila herufi iwe na upana wa sentimita 18, na I iwe 6. Hapo herufi tano ni 90, ukiongeza I ni 96, na nafasi tano za sentimita 4 zinafanya neno zima liwe 116, ambalo linakaa vizuri juu ya kochi la watu watatu. Kitenge ongeza sentimita 3 kila upande. Upana wake wa kawaida ni takribani sentimita 115, kwa hiyo herufi nne zinaingia kwenye mstari mmoja, mbili zilizobaki kwenye mstari wa pili, na yadi moja inakutosha pamoja na vipande vya kufunika migongo. Usinunue gora. Na kama una fundi cherehani jirani, mwombe mabaki kwanza. Mfuko wake wa vipande huwa ni hazina, na KARIBU ya vitenge sita tofauti mimi naiona inapendeza kuliko ya kimoja. Hilo ni jicho langu, wewe una lako.

Kanga pia inafaa, ila ni nyepesi, rangi ya boksi inaweza kuonekana, basi weka kipande cha shuka jeupe chini. Na ukate kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, pindo liache. Watu wanapenda pindo kwa sababu lina maua makubwa, halafu herufi inatoka nusu ua nusu mstari mweusi. Kuna mama alinitengenezea kazi ya jina la kanga lenyewe, yale maneno ya chini, akayazungusha kwenye herufi. Ilitoka vizuri sana, lakini alipoteza kanga mbili kuipata.

Kata kitambaa kikiwa kimenyooka na uzi wake, usikikate mshazari. Kivute kwa mikono miwili ujue: kwa urefu hakiendi, kwa upana kinaenda kidogo, kwa mshazari kinanyooka kama mpira. Kikikatwa mshazari, ukikikaza upande mmoja kinakimbia upande mwingine, na mistari ya ua inapinda.

Kabla hujakaza, laza juu ya boksi kipande cha blanketi kuukuu au pamba ya mito iliyotandazwa nyembamba, ukubwa uleule wa herufi. Kinaficha makosa ya wembe na kuipa herufi uso uliojaa. Sufi pia inafaa kama mnayo kijijini, ila ni nyepesi mno na inapeperuka. Kazi hiyo usiifanyie barazani mwezi wa nane.

Halafu geuza. Hapa ndipo R inapomtoa mtu jasho, na wewe ulitaka kujua kwa nini nyuzi zimechomoka. Nitakueleza kwa duara, kwa sababu tumbo la R, la B na kiuno cha U vyote ni vipande vya duara. Chukua duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Kitambaa chako kimezidi sentimita 2, kwa hiyo ukingo wake uko kwenye duara la 12, na mzunguko wake ni kama sentimita 75. Ukikikunja nyuma, ukingo huohuo unatakiwa ulale kwenye duara la sentimita 8, ambalo mzunguko wake ni 50 tu. Sentimita 25 za kitambaa hazina pa kwenda. Ndiyo maana zinafanya mikunjo minene, na mikunjo ikikutana na gundi inakuwa milima. Dawa yake ni kukata vipembe vya V kuzunguka ukingo, ile ziada itoke kabisa.

Kwenye tundu ni kinyume chake. Tundu lenye nusu kipenyo cha 4, ukiacha sentimita 2 za kukunja, ukingo una mzunguko wa sentimita 12 na nusu hivi, na unatakiwa ufike mahali penye karibu 38. Kitambaa kimepungua, hakijazidi! Kwa hiyo huko ndani hukati V, unapasua mistari tu kutoka katikati kuja ukingoni, kama miale ya jua, kisha kila ulimi unauvuta nyuma peke yake. Mtu akichanganya mambo hayo mawili, akapasua nje na kukata V ndani, atahangaika siku nzima na hatajua kwa nini.

Nadhani wewe matundu ulikata kitambaa chote, ukafuata ukingo wa boksi, ukategemea gundi ishike. Haiwezekani kushika, uzi uliokatwa pembeni mwa shimo hauna kitu cha kuuzuia, ukiguswa na vumbi tu unatoka. Tundu la A ni pembetatu, basi pasua kutoka katikati kuelekea kwenye kona tatu, usimame milimita 2 kabla ya kufika kwenye boksi, halafu vuta ndimi tatu nyuma. Kabla ya kupasua, gusa kila kona kwa ncha ya kijiti chenye gundi kidogo, usubiri ikauke. Tone hilo linafunga nyuzi mahali ambapo mkasi utafikia. Hiyo ndiyo siri yote ya kona safi, na nilichelewa miaka kuijua.

Pia unaweza kuikwepa vita hiyo. Kata A isiyo na tundu, uifunike nzima, kisha shonea au bandika pembetatu ndogo ya kitambaa cha rangi ya ukuta mahali pa tundu. Kwa mbali hakuna anayejua. Wapo wanaoiona kuwa ni ujanja wa mvivu, mimi naiona ni akili.

Angalia na jambo la kugeuza. Ukiilaza patani, yaani kielelezo cha kukatia, juu ya upande wa nyuma wa kitambaa, herufi inatoka kinyume. Katika neno lako A, I na U hazijali, kulia na kushoto kwake ni sawa. K, R na B zinajali. K ikitoka kinyume, izungushe kichwa chini miguu juu inakuwa K halali tena, na B hivyohivyo kama matumbo yake yako sawa, ilimradi ua la kitenge halina juu na chini. R haina msamaha. Nami niliwahi kutengeneza neno SOMA kwa ajili ya darasa la chekechea, nikaipigilia ukutani, nikasimama kuitazama kwa furaha. Mtoto mmoja akaniuliza kwa nini S imepewa mgongo. Walimu wawili walikuwa wameipita bila kuona. Tangu siku hiyo naandika "MBELE" kwa chaki kwenye kila patani.

Sasa gundi ya viatu ambayo jirani anaipigia debe. Ana hoja: haina maji, kwa hiyo haikunji boksi. Inashika papo hapo. Lakini kushika papo hapo ndiko kubaya kwenye kitambaa, ukikosea huwezi kusogeza hata nywele. Inapenya, inaacha doa la rangi ya chai ambalo halitoki. Na harufu yake si harufu tu, ni mvuke wa viyeyusho unaoumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, tena unashika moto. Kama una mtoto mchanga ndani, sikushauri. Ukiamua kuitumia kwa kushikiza boksi na boksi, kaa nje, mbali na jiko la mkaa, na ukisikia kichwa kinazunguka, acha, ondoka penye harufu. Kikiendelea, nenda kituo cha afya.

Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa umeme ni nzuri kwa kushika ndimi za nyuma, haraka na haina maji. Ubaya wake ni kwamba kilichoyeyuka kwa moto hulainika tena kwa moto. Chumba cha bati kisicho na dari, Oktoba saa nane mchana, herufi iko juu karibu na paa: ndimi zitaanza kuachia moja moja. Kama sebule yako ina dari, itumie bila wasiwasi. Gundi ndogo ya matone, ile inayogandisha vidole, iweke mbali kabisa na kitenge. Ikikutana na pamba inachemka, inatoa moshi na inaweza kukuunguza, nimeiona kwa macho. Ikiingia jichoni, usivute kope, suuza kwa maji mengi na nenda hospitali siku hiyohiyo. Uji wa ngano wa bibi zetu unashika vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini ni chakula, na mende hawajui kwamba wewe umeuita gundi.

Basi ile gundi nyeupe uliyonayo inakutosha. Paka kwenye ndimi tu, nyuma, nyembamba, kipande cha sentimita 5 kwa wakati mmoja, kandamiza kwa kidole hadi ishike, nenda upande wa pili, si jirani yake. Kaza kama unavyokaza kamba za kitanda: juu, chini, kulia, kushoto. Ukimaliza, funika mgongo wote kwa kipande cha kitenge au karatasi ya kaki kilichopakwa gundi ileile. Hilo si pambo. Ndilo linalovuta upande wa pili, herufi ibaki bapa. Laza kifudifudi juu ya taulo, weka ubao, weka ndoo ya maji, siku moja nzima, ndani. Jua lisiione.

Kuhusu seremala. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hautajikunja kirahisi na utakaa miaka mingi, hasa kwa ofisi au kanisa. Lakini ni mzito, na uzito huo unahitaji msumari wa kweli kwenye ukuta ambao si wako. Vumbi lake likikatwa ni baya kifuani. Na matundu ya A, R na B hukatwa kwa msumeno maalumu, seremala wa mtaani asiye nao atakuchongea A yenye jeraha. Ningekuwa na nyumba yangu ningefikiria. Kwa mpangaji, hapana.

Njia ambayo hakuna aliyekutajia ni herufi laini: vipande viwili vya kitenge vinashonwa nyuso zikitazamana, unaacha mdomo wa sentimita 6, unageuza, unajaza pamba ya mito au mabaki yaliyokatwakatwa, unafunga kwa mkono. Hazina boksi, zinafuliwa, mtoto akizivuta hazimuumizi. Kwa chumba cha mtoto ndizo pekee ninazokubali, na hata hizo zisikae juu ya kitanda, zisiwe na kamba ndefu wala vifungo anavyoweza kung'oa. Zinataka gamu laini, kile kitambaa cha kukazia, nyuma ya kitenge la sivyo zinalegea kama soksi, na zinataka cherehani. Kama huna, kata vipande na uvipeleke kwa fundi akushonee na kukupigia ovaloki. Ni kazi ndogo kwake, wewe ukajaze mwenyewe nyumbani.

Tufike kwenye ukuta. Selotepu yako ilifanya kazi yake barabara, ilishika. Tatizo ilishika rangi, na rangi haikuwa imeshika ukuta. Pitisha kitambaa cheusi au kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, ukuta wako ni chokaa au rangi ya maji iliyochoka, na selotepu yoyote duniani itaondoka na unga huo mgongoni, hata iwe ya bei gani. Ongeza vumbi letu na joto la mchana linalolainisha gundi ya selotepu, usiku B inakuangukia kichwani. Kununua selotepu nene zaidi kutabandua kipande kikubwa zaidi, basi.

Kwa nyumba ya kupanga, fanya hivi. Tafuta fito iliyonyooka ya mita moja na robo, au bomba jembamba la pazia. Funga kila herufi kwa nyuzi mbili mgongoni, si mmoja, maana ukiwa mmoja herufi itazunguka kila feni ikiwaka. Ziangike zote kwenye fito, na fito ishikwe na misumari miwili midogo ya zege. Misumari miwili badala ya mabaka kumi na mawili ya rangi. Mwenye nyumba mweleze kabla, na huenda ipo misumari ya pazia au ya kalenda iliyokuwapo zamani. Nafasi kati ya herufi usizipime kwa rula peke yake. K na A zinaacha pengo kubwa kati yao kwa sababu ya miguu iliyolala, basi zisogeze kidogo. I na B zimesimama wima zote, ziache zipumue. Rudi hadi mlangoni utazame, ndipo ufunge mafundo.

Fito inasaidia jambo lingine, hewa inapita nyuma. Mvua zikianza Desemba, ukuta wa nje ukilowa, boksi lililogandana na ukuta linavuta unyevu na kufanya ukungu. Na mchwa. Mwanangu, Dodoma hii boksi lililogusa ukuta ni mwaliko. Ukiona mstari wa udongo unapanda kutoka sakafuni, hata mwembamba kama uzi, usiufute ukasahau. Mwite mwenye nyumba na mtu wa dawa, maana hilo limeshapita mambo ya mapambo. Vilevile rangi ikiwa inavimba yenyewe na kutoa unga wa chumvichumvi kwa chini, hiyo si kazi ya selotepu yako, ni unyevu ndani ya ukuta, na fundi ujenzi ndiye wa kuutazama. Na usipigilie msumari moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, nyaya hupita humo. Kama huna hakika, fundi umeme aje.

Za kuokoa sasa. B na U zilizodondoka, na zile zilizobaki, zigeuze kifudifudi. Chovya kitambaa kwenye maji, kikamue kabisa, upitishe kwenye mgongo wa boksi mpaka karatasi ipate unyevu lakini isilowe. Paka gundi nyembamba mgongo mzima, bandika karatasi ya kaki, weka kati ya mbao mbili, ndoo juu, siku mbili. Nyingi zitanyooka, kwa sababu sasa umeupa mgongo mkono wake wa kuvutia. Mapovu hayatatoka yote. Jaribu pasi ya moto wa kadiri juu ya kitambaa kikavu, gundi nyeupe hulainika kidogo kwa joto, ukandamize kwa kiganja inapopoa. Kwa K na I hiyo inatosha. A na R zilizofumuka sikudanganyi, zivue kitenge uzianze upya, boksi linaweza kutumika tena.

Ila usianze na R. Anza na I. Haina tundu, haina tumbo, haina kinyume, na ukiiharibu umepoteza kipande cha boksi la mafuta. Ikitoka safi kingo zote nne, nenda kwenye K, halafu U, halafu A. R na B ziache za mwisho, siku ambayo watoto wako shule na ndoo ya maji imejaa.